Mpinzani Asiyecheka

Katika miaka ya tisini, kati ya Thika na Ruiru, wenyeji tuliocheza Go tulikuwa wawili tu: mimi na kaka ya mke wangu. Sijui mchezo mwingine uliokufa katika eneo kubwa namna hiyo kwa sababu mtu mmoja alinuna. Mtu huyo ni mimi. Nimeamua kusimulia mwenyewe, kabla jamaa za mke wangu hawajasimulia kwenye mazishi yangu, mahali ambapo sitaweza kuwarekebisha.

Go ni mchezo wa ubao wenye mistari inayokatana, pamoja na mawe madogo meusi na meupe. Kila mmoja huweka jiwe moja kwa zamu, na jiwe likishawekwa halisogei. Ukilizingira jiwe la mwenzako pande zote unaliondoa, lakini hiyo si shabaha ya mchezo. Shabaha ni kuzungushia ardhi. Mwishoni, aliyezungushia eneo kubwa zaidi ndiye mshindi. Ungedhani mtu wa pande zetu angezaliwa akiujua. Wakati huo mashamba ya kahawa ya Ruiru yalikuwa yakikatwa kuwa ploti, na hata mtu asiyekuwa na kitanda alijua tofauti ya ploti ya kona na ile ya ndani. Huko ambako leo watu huenda kula nyama choma Kamakis, tayari wanaume walikuwa wakizunguka na vigingi kwapani. Mimi peke yangu nilionyeshwa ardhi tupu mbele ya macho yangu, nikaanza kutafuta cha kula.

Nililelewa na drafti, hiyo ndiyo sababu. Nje ya kiwanda cha nguo nilikokuwa karani wa stoo, wafanyakazi walicheza drafti kwa vifuniko vya soda juu ya katoni, na sheria yetu ilikuwa moja: ukiweza kula ni lazima ule. Ukipita bila kula, kifuniko chako kinachukuliwa na unachekwa mpaka king'ora cha kurudi kazini. Kwa hiyo fundi wa mitambo, Mjapani aliyekuja kutuangalizia mashine za kufuma, aliponifundisha Go wakati wa chakula cha mchana, nilikula kila jiwe lililolika. Nilikuwa nashika mawe yake mkononi kama njugu, huku yeye amemiliki ubao wote.

"Wewe shiba sana," aliniambia siku moja kwa Kiswahili chake. "Lakini hapana nyumba."

Kaka ya mke wangu alikuwa mpima ardhi, na makao yake yalikuwa Ruiru. Alikuja kiwandani kupima upya mpaka wa uzio, akatukuta tumeinama juu ya ubao, akauliza ni nini. Mimi ndiye nilimweleza sheria, kwa majivuno ya mtu aliyetangulia kwa miezi michache. Alitazama mawe, kisha akaniuliza kwa nini ninapigana katikati wakati kona zote ziko wazi. Wiki ile ile alinishinda. Hakuacha tena.

Sasa, kwetu Wakikuyu kaka ya mke wako ni muthoni, na muthoni hajibiwi ovyo. Akikutania, unacheka. Akikushinda, unamwongezea chai. Kufungwa na mtu wa kawaida ni jambo linaloisha kwa kumtukania timu yake ya mpira. Kufungwa na muthoni kila Jumapili, sebuleni mwako mtaani Kamenu, Thika, mke wako akipita na sahani na kuangalia kwa macho ya dada, hilo haliishi. Mjapani aliona. Alinishauri kwamba katika Go mdogo wa uwezo hupewa mawe kadhaa ubaoni kabla mchezo haujaanza, na kwamba mimi nilihitaji manne. Alisema kwao hata wakubwa huyapokea, na hakuna aibu. Nikamjibu kwamba pengine kwao.

Kiwanda kilipoanza kulemewa na mitumba, Mjapani akaitwa arudi nyumbani. Alituachia ubao wake, kipande kimoja cha mbao nene, na mawe yake: meusi ya jiwe la kweli, meupe ya kombe la baharini, yanayolia yakigusa mbao kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kimoja. Alisema ubao ni mmoja na sisi ni wawili, kwa hiyo tucheze mchezo mmoja, sawa kwa sawa, siku itakayotufaa, na mshindi akae nao. Mke wangu alikabidhiwa autunze hadi hapo, kwa kuwa alikuwa dada wa mmoja na mke wa mwingine. Aliuweka chini ya kitanda, upande wake.

Tulikubaliana siku iwe baada ya Krismasi, kwa muthoni, Ruiru. Ilikuwa bado katikati ya mwaka.

"Muthoniwa," alisema muthoni wangu akikoroga chai, "mimi pia sina wa kucheza naye. Kuja Jumapili tuchore ubao kwa katoni. Chukua mawe manne nikuonyeshe mahali unavuja."

"Mimi ndiye nilikufundisha huu mchezo."

"Ni kweli. Na mama ndiye alinifundisha kutembea, lakini siku hizi nikifika kwa kona ninamngoja."

Nilicheka, kama desturi inavyotaka, na jioni ile nikaapa moyoni kwamba nitajifunza bila yeye.

Chuo cha kompyuta kilikuwa mjini Thika, ghorofani, juu ya duka la mbolea. Mlangoni uliambiwa uvue viatu. Watoto wa leo hawaamini, lakini wakati ule kompyuta iliingiwa kama msikiti. Mashine zenyewe zilivalishwa vitambaa vya kushonwa, vyenye marinda, kama sofa za mama mchungaji, na mwalimu, mwanamke mchangamfu aliyekuwa pia mwenye chuo, alituonya kwamba vumbi ni adui na virusi ni adui, kwa sauti iliyotufanya wengi tuamini ni adui mmoja. Soksi zangu zilikuwa na matundu, basi nikawa nakaa nimekunja vidole.

Nilimweleza ninachotaka: kompyuta ya kucheza nayo Go.

"Mzee, hapa tunafundisha kuandika barua na kupiga hesabu," alisema.

"Na saa ya lunch mashine zinafanya nini?"

"Zinapumzika."

Tukaelewana. Nilimletea vipande vya nguo ambavyo kiwanda kiliwauzia wafanyakazi, naye akazishonea mashine nguo mpya. Kwa kubadilishana, mashine moja ikaacha kupumzika.

Alikuwa na disketi ya michezo ya kila aina, na miongoni mwayo mlikuwa na Go. Huyo ndiye mpinzani wangu wa kwanza wa umeme, na ninamkumbuka kwa upendo, maana hakuwahi kuwepo mjinga kama yeye. Aliweka mawe kama mtu anayetupa maganda ya ndizi akitembea. Alikuwa na uwezo wa kuwa na ngome salama kabisa, kisha akajaza nafasi zake mwenyewe mpaka akajinyonga. Nilimla. Nilimla asubuhi za Jumamosi na adhuhuri za siku za kazi, na kila nilipomla alitoa mlio mdogo, ambao niliusikia kama pongezi. Baada ya muda mfupi nilianza kutembea tofauti. Nilimwandikia Mjapani barua kumjulisha kwamba nimeishinda kompyuta.

Majibu yalikuja na disketi ndani ya bahasha. "Hongera," aliandika. "Hiyo ya kwanza hata paka wa mke wangu ameishinda. Jaribu hii."

Mwalimu aliikagua ile disketi kama askari wa forodha, akitafuta virusi, kisha akaiingiza. Mpinzani wa pili alikuwa mtu mwingine. Kwanza alikuwa na adabu: kabla ya kuanza aliuliza unataka mawe mangapi ya kutangulia, kuanzia sifuri hadi tisa. Niliangalia kushoto na kulia. Mwalimu alikuwa akila chapati yake. Nikabonyeza tisa.

Alinipiga hata hivyo.

Ningekuwa na akili, ningemwuliza muthoni kwa nini nimepigwa. Mashine ilinipiga bila kunieleza. Ilinguruma, ikawaza, ikaweka jiwe, na mwisho ikaandika tarakimu. Lakini ilikuwa na sifa moja iliyofunika kasoro zote. Haikucheka. Haikuwa na dada anayepita na sahani. Nimefikiria jambo hili kwa miaka mingi na jibu ni lile lile: sikuwa natafuta mpinzani wa kunifundisha, nilitafuta mpinzani asiyecheka.

Halafu nikagundua mambo mawili yaliyonimaliza. La kwanza, mashine ilikuwa na kitufe cha kurudisha. Ukikosea, unabonyeza, jiwe linarudi mfukoni na hakuna aliyeona. Nilikosea, nikarudisha, nikajaribu kwingine, nikarudisha tena. Mchezo wangu ulikuwa unaenda mbele na nyuma kama mtu anayeegesha lori.

La pili lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa nililiona ni kipaji. Niligundua kwamba mashine hujibu kwa namna ile ile. Nikianza hapa, inajibu pale. Nikifuata huku, inajilinda kule, hata pasipo na hatari. Sasa mimi ni mtu wa mtihani wa kidato cha nne. Kizazi chetu hakikusoma, kilikariri. Tulipitia karatasi za mitihani ya zamani mpaka tukajua majibu kabla ya maswali, na wengine waliingia na mwakenya, vikaratasi vya majibu, kwenye soksi ili wasiamini kumbukumbu peke yake. Basi nikaikariri kompyuta. Nilijua mpangilio wake mmoja, wa kona moja, mwanzo hadi mwisho, kama shairi la darasa la tano. Mwezi wa Novemba nilikuwa naishinda mara kwa mara, nikiwa na mawe yangu tisa na kidole changu kwenye kitufe cha kurudisha, na nilikuwa tayari.

Muthoni alizidi kutuma salamu kupitia mke wangu. Ile katoni alikuwa ameichora. Je, Jumapili hii? Nilijibu kwamba nina kazi nyingi stoo, ingawa kiwanda kilikuwa kimebakiza mashine chache zikiunguruma na stoo ilikuwa na mwangwi.

Siku ilipofika, nyumba ya Ruiru ilikuwa imejaa. Walikuwepo dada wote wa mke wangu na waume zao, na shangazi mmoja aliyeniuliza kama huu ndio ule mchezo wa Wachina unaonisahaulisha kazi. Mke wangu alitoa ubao kwenye kanga, akauweka juu ya meza ndogo, akarudi nyuma akakunja mikono. Sawa kwa sawa, hakuna mawe ya kutangulia. Nilipata meusi, kwa hiyo nilianza mimi. Niliweka jiwe langu pale pale, kwenye kona ile niliyoikariri, na likalia vizuri sana.

Muthoni alilitazama. Kisha akaweka lake kwenye kona nyingine kabisa.

Sijui nieleze vipi. Mwanafunzi aliyekariri jibu la swali la tatu, akafungua karatasi akakuta swali la tatu limefutwa, huyo atanielewa. Mashine ingejibu palepale. Mashine ilikuwa na heshima. Niliongeza jiwe la pili la shairi langu, nikidhani amechelewa kunisikia. Akachukua kona nyingine. Nilipomaliza ubeti wangu wote nilikuwa na ngome nzuri, imara, yenye mawe mengi, inayolinda shamba la ukubwa wa jiko.

"Hapo hata mafuriko hayaingii," alisema muthoni. "Na mahindi pia."

Waume wa dada walicheka, ingawa hakuna hata mmoja aliyejua mchezo. Nikapandwa na joto, nikaingia katikati kutafuta cha kula. Nikaweka jiwe na papo hapo nikaona nimelitupa. Mkono wangu, bila kuniuliza, ulirudi ukalichukua.

Chumba kizima kiliuona mkono.

"Atiriri, muthoniwa," alisema polepole, "hilo jiwe linaenda wapi?"

"Nalirudisha."

"Linarudi kwao?"

Sasa hata shangazi alicheka. Ningesema samahani, ningeliweka chini, na mambo yangeishia hapo. Lakini muthoni aliinua kiganja kuwanyamazisha. "Wacheni arudishe. Mgeni hanyimwi." Na mimi, badala ya kukataa, nikarudisha. Nikaliweka kwingine. Baadaye kidogo nikarudisha jingine. Mara ya tatu hakungoja niombe; alisukuma kibakuli cha mawe meusi kuelekea kwangu na kuangalia dirishani, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kufunga zipu. Na baada ya yote hayo nilishindwa vibaya hivi kwamba hatukuhesabu.

Alinisindikiza hadi barabarani. Huko nje hakutania. Aliniambia kwamba ule ubao uko kwake lakini hauna maana bila mtu wa pili, niende kila Jumapili, nichukue mawe manne, na kwamba kwa mwaka mmoja anaamini yatashuka yawe mawili. "Hata Mjapani alisema hakuna aibu," aliongeza.

"Mimi sibebwi," nilimwambia. Ni maneno mawili. Nimeyarudia kichwani kuliko sala yoyote.

Nilirudi chuoni kwa hasira ya mtu anayejiendeleza. Nilimwambia mwalimu kwamba nitacheza na mashine mpaka niifunge bila mawe ya kutangulia, tisa, nane, saba, hadi sifuri, na siku hiyo ndiyo nitakwenda Ruiru. Mashine iliniuliza nataka mangapi. Nikabonyeza tisa, kwa kuanzia.

Mke wangu alinikuta hapo mwaka uliofuata. Alikuwa mjini, akataka kuniambia kwamba mgeni amefika nyumbani, basi akapanda ngazi, akavua viatu bila kuambiwa, akasimama nyuma yangu. Mchezo ulikuwa unaanza.

"Hayo madoa meusi tisa ni ya nini?" aliuliza.

Mwalimu hakuwa na ubaya wowote. "Ni ya kumsaidia mzee, mama," alisema. "Bila hayo hawezi."

Mke wangu alivaa viatu, tukashuka hadi mbele ya magunia ya mbolea. "Kumbe unabebwa," alisema. "Tena mgongoni, na leso imefungwa. Kaka yangu akisema akushike mkono tu, unasema umetukanwa."

"Kompyuta ni tofauti."

"Ndiyo. Kompyuta haiwezi kukuona."

Jumapili iliyofuata alirudi kutoka Ruiru akiwa na kitu kizito kwenye kanga. Alikiweka mezani na kukifungua. Ulikuwa ubao. Kwenye pembe zake, katika vitone vinne vilivyochorwa kwa ajili ya mawe ya kutangulia, palikuwa na mawe manne meusi, kila moja limebandikwa kwa selotepu lisidondoke njiani. Kibakuli cha mawe meusi kilikuwa kando yake. Cha meupe hakikuwepo.

"Anasema ubao ukae kwako," alisema mke wangu. "Lakini ukitanguliziwa mawe, anayeanza ni mweupe, sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi anasema zamu ni yake, na ameshajua ataweka wapi. Ukienda, beba ubao. Mawe meupe amebaki nayo."

Nilikuwa nimepata nilichokigombania. Niliuinua ubao kwa uangalifu, mawe yakiwa bado yamebandikwa, nikauweka juu ya kabati. Nilimwambia mke wangu kwamba nitakwenda nikishafika sifuri. Alitazama kabati, akanitazama mimi, akaenda kuwasha jiko.

Muthoni alifariki kabla sijashuka chini ya saba. Hakuwa mzee. Alianguka huko huko ploti za watu, akiwa na wale vijana wake wa vigingi. Kwenye mazishi nilitupa udongo kaburini kama wengine, na mjane wake aliponishika mkono alisema, "Alikuwa anakungoja," kisha akasogea kwa mtu aliyefuata kwenye foleni. Sikuthubutu kumuuliza kuhusu kibakuli cha mawe meupe, na hadi leo sijui kiko wapi.

Sasa nina simu, na ndani ya simu kuna mpinzani ambaye nasikia hakuna binadamu anayemweza. Huyo hashindwi kwa kukariri. Kabla ya kuanza huuliza nataka mawe mangapi, nami hubonyeza tisa, nikiwa nimeketi kwenye kiti kinachotazama kabati. Mke wangu hupita na chai. Selotepu imegeuka rangi ya chai hiyo hiyo, na pembeni imeanza kujikunja, lakini mawe bado yameshika.